Madam wa Kemia na Kufuli la Chama Chetu

Madam wa Kemia hakujua kunong'ona. Hata kanisani, padri akiwa katikati ya mahubiri, akikuinamia akuambie jambo la siri, mabenchi yote ya mbele yanageuka. Na darasani ndiyo usiseme. Shule yetu ni ya kutwa, iko mjini Musoma, na ukuta wake unapakana na barabara. Mtu aliyepita nje alijua kabisa leo kidato cha tatu wanasoma asidi au wanasoma metali. Kina mama wanaouza karanga pale getini wangepewa mtihani wa kidato cha pili wangefaulu, na wala sitanii.

Jina lake silitaji. Kwanza yeye mwenyewe hatapenda. Pili, miaka yote niliyomfahamu sijawahi kulitumia, na sijui mtu aliyelitumia. Wazazi walimwita Madam, mkuu wa shule alimwita Madam, wauza samaki wa soko la Mwigobero waliokuwa wakimfichia sato mnene chini ya gunia walimwita Madam. Mimi ni nesi sasa, nafanya kazi Bunda, nina watoto wanaonikaribia urefu, lakini nikimwona yule mama mikono yangu inakwenda yenyewe mgongoni. Alikuwaga anakagua kucha.

Naandika haya nina hasira, nisijifanye mtu wa busara. Kuna watu wakisikia habari za vyama vya wanataaluma vinavyosaidia shule wanatabasamu na kupiga makofi. Mimi nimo ndani ya chama kimoja cha namna hiyo, nimevaa kitenge chake, nimekula wali wake. Ninajua ninachokisema.

Tulipokuwa wanafunzi wake hatukuwa na maabara. Tulikuwa na chumba kilichoandikwa maabara mlangoni, na ndani yake mlikuwa na majembe, mipira iliyotoboka na madawati yaliyovunjika miguu. Madam hakuwahi kulia mbele yetu kwamba hana vifaa. Alichemsha maua ya rozela nyumbani kwake, akaja nayo kwenye chupa ya soda, akakamua limau huku, akachuja majivu ya mkaa kule, akatuita mezani mmoja mmoja. Ukimimina limau, rozela inazidi wekundu. Ukimimina maji ya majivu, inageuka kijani cha ajabu. Siku ya kwanza nilipoiona rangi ile nilipiga kelele, akanipiga jicho.

"Unashangaa nini? Acha maneno. Pima."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Acha maneno, pima. Ulimwambia Madam, nadhani ni kijiko kimoja, akakwambia acha maneno, pima. Ulimwambia, Madam, fulani ananichukia, akakuuliza amekufanyia nini hasa, lini, mbele ya nani, mpaka unagundua kumbe hujachukiwa, umenyimwa tu kalamu. Mimi bureti ya kweli, ule mrija mrefu wa kioo wenye bomba kwa chini, niliiona mara ya kwanza chuoni, nikiwa mtu mzima tayari. Wenzangu waliotoka shule kubwa za bweni waliishika kama wanashika mwiko wa ugali. Mimi niliigeuza juu chini, na mkufunzi akaniuliza mbele ya watu nimetokea porini gani. Nimetokea mjini, nilimjibu. Musoma ni mji.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani shule za shida ni za vijijini peke yake. Shule yetu inatazama ziwa, umeme unapita juu ya paa lake, ofisi za wakubwa ziko mwendo mfupi tu, na bado wasichana walikuwa wakitoka darasani kwenda kuomba choo nyumba za jirani. Ziwa lote lile pale chini, na bomba la shule limekauka! Madam alikuwa akisema hiyo ni aibu isiyohitaji fomula.

Sasa kwa kuwa shule iko mjini, haikukosa wageni. Loo, wageni! Kila chama kilichotaka kuonekana kinasaidia elimu kilikuja kwetu, maana ni karibu na hoteli. Walikuja wataalamu wa hiki na wa kile, wamevaa fulana za rangi moja, wamebeba bango lenye jina lao refu kuliko darasa. Kuna waliotuletea kompyuta kwenye chumba kisicho na soketi hata moja ukutani. Kuna waliokuja kutupa nasaha za maisha wiki ya mitihani, wakatukalisha juani mpaka mwenzetu akaanguka. Na kuna wale wa miti.

Hawa wa miti Madam alipenda kuwachamba. Walikuja kila mwaka, siku ileile, wakapanda miche kwenye mashimo yaleyale. Yaani hakuna aliyeuliza miche ya mwaka jana imekwenda wapi. Ilikuwa imeliwa na mbuzi wa jirani au imekauka, lakini mashimo yalibaki, na kwao ilikuwa nafuu, hawachimbi upya. Mwaka mmoja Madam alisubiri kiongozi wao amalize kupigwa picha akiwa ameshika mche, kisha akamkabidhi ndoo.

"Mzee, mti unakunywaga maji. Ziwa lile pale."

Yule bwana alicheka akidhani ni mzaha. Madam hakucheka. Alisimama na ndoo imenyooshwa, sauti yake ile ikiwa imeshafika mpaka getini, mpaka yule bwana na suti yake akateremka kweli ufukweni, na watu wake wote nyuma. Miti minne ya mwaka ule ndiyo inayotupa kivuli leo. Mingine yote ni hadithi.

Msidhani alikuwa mtu wa kuchukia misaada. Walikuwepo mafundi seremala wa Nyasho, Waislamu wengi wao, wana umoja wao mdogo ambao hata bango hauna. Kila likizo walikuja na misumari yao wakarudisha miguu ya madawati. Hakukuwa na hema wala spika. Madam aliwapikia chai ya tangawizi, na Ramadhani ikiangukia likizo aliwafukuza wanafunzi waliokuja kutafuna miwa karibu yao. Lakini nao pia hawakupona. Aliyekalia dawati likayumba alisikia: "Fundi! Hii umetengeneza au umeisalimia?" Wale wazee walikuwa wakicheka mpaka wanashika magoti, kisha wanarudia kazi.

Na alikuwa na mambo yake ambayo mimi sikuyaelewa, na mengine yaliniudhi. Mtu huyohuyo aliyewasema wageni, ndiye aliyefundisha kwaya ya kuwakaribisha. Tena kwa ukali! Ukikosea sauti ya tatu unabaki mpaka jioni. Nilimuuliza siku moja, Madam, si ulisema hawa ni watu wa picha? Akaniambia mgeni akija kwangu sitamwimbia vibaya eti kwa sababu kaja mikono mitupu. Na sebuleni kwake, ukutani, kulikuwa na picha moja tu: yeye mwenyewe na mgeni rasmi mmoja wa zamani, wameshikana mikono, Madam ametabasamu mpaka fizi. Ukiitazama sana anakuuliza umekuja kusoma au kukagua nyumba.

Alikuwa mchoyo wa sifa. Nilipofaulu nikapata chuo, nilikimbia mpaka kwake Makoko nikihema. Aliniangalia kwenye kizingiti, akasema, "Haya. Sasa usiniaibishe," akarudi kuparua magamba ya samaki wake, ningu. Nilirudi nyumbani nimenuna. Baadaye mama yangu aliniambia kwamba Madam alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu asubuhi ile, anatangaza kwa sauti ile mnayoijua.

Nyumba yake haikukosa wasichana wa watu. Shule ya kutwa haina bweni, na wanaotoka mbali hupanga vyumba huko mitaani na kupata taabu za kila aina. Madam aliwachukua. Wa mwisho aliyekaa kwake alitoka Kibara, kule ufukweni Bunda, mtoto wa wavuvi, mwembamba, mkimya, kichwa chake cha moto. Madam alinipigia simu kunisimulia habari zake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mwanafunzi yeyote. "Huyu anapimaga bila kuambiwa," alisema. Msichana alitaka kuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali. Alikuwa ameshaamua, hakuna kumgeuza.

Sasa niingie kwetu, kwenye chama.

Sisi ni wanataaluma wenyeji wa Mara. Wamo manesi kama mimi, wahandisi, wanasheria, watu wa benki, wahasibu, na walimu wawili watatu. Tulipoamua kujenga maabara kwenye shule ile, mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikapiga domo mpaka ikachaguliwa. Nilisema habari za rozela, watu wakafuta machozi. Na tulijenga kweli, sitawanyima haki yao. Tulijenga maabara nzuri, yenye masinki, meza za zege zilizowekwa vigae, gesi, bomba linalotoa maji, bureti na pipeti kwenye maboksi na nyingine zimeshafungwa kwenye stendi zake. Madam alikuja kusimama pale kila siku fundi akipaka rangi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Kisha tukafunga mlango kwa kufuli.

Naomba mnielewe vizuri, maana hapa ndipo moyo wangu unapochemka. Jengo limekwisha. Maji yanatoka. Vifaa vimo. Watoto wapo, mwalimu yupo, mtihani wa taifa unakuja. Na mlango umefungwa, kwa sababu jengo halijazinduliwa! Mwenyekiti wetu, mtu msomi, mpole, mhandisi mzima, alieleza kwamba jengo likitumika litachafuka kabla mgeni rasmi hajafika. Ukutani karibu na mlango lilikuwepo jiwe la marumaru lenye jina la mgeni huyo, limefunikwa pazia jekundu, na utepe umepita mlangoni. Mgeni akapangwa mwezi huu, akapata safari. Akapangwa mwezi ule, pakatokea ziara. Pazia likapauka kwa jua, likabadilishwa, tukaweka jipya. Pazia tulibadilisha, jamani! Kufungua mlango tulishindwa.

Mkuu wa shule aliogopa. Alisema chama kikikasirika hakitarudi, na mkubwa akikasirika ni balaa. Ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti.

Mimi nilidhani Madam angevunja kufuli lile siku ya kwanza, kwa jiwe. Mtu aliyemteremsha kiongozi ziwani na ndoo! Hakuvunja. Alichofanya ni hiki: alikitoa kidato cha nne darasani, akawapanga barazani, nje ya madirisha ya maabara. Wafupi mbele, warefu nyuma. Akasimama pembeni na fimbo yake ya kuonyeshea, akagonga kioo.

"Ile ndefu pale kwenye stendi, ndiyo bureti. Chini ina bomba. Unaifungua kwa mkono wa kushoto, wa kulia unatikisa chupa. Haya, kila mtu, mkono wa kushoto."

Na watoto wale, barazani, wakakunja vidole vya kushoto hewani, wakafungua bomba ambalo halipo.

Niliyaona kwa macho yangu. Nilikuwa nimekuja Musoma kwa shughuli za hospitali, nikapitia shuleni kumsalimia, nikawakuta. Yule wa Kibara alikuwa mbele kabisa, pua imegusa kioo, pumzi yake imekitia ukungu, anakifuta kwa kiganja ili aendelee kuona. Madam aliponiona hakusimamisha somo. Alisema tu, kwa ile sauti, "Karibu, Nesi. Tunasoma vitu vya chama chenu."

Nilikwenda kikaoni nikiwaka. Niliwaambia wenzangu watoto wanasomea dirishani. Mmoja akasema ni jambo la kusikitisha. Mwingine akauliza kama kuna picha, ingefaa kwenye taarifa. Mwenyekiti akanituliza, "Dada yangu, tumevumilia mwaka, tutashindwa wiki chache? Hii ni itifaki." Nikamwuliza itifaki imesoma shule gani. Wakacheka wote, kikao kikaendelea na suala la kitenge cha sare, kiwe cha bluu au cha zambarau. Tulichagua zambarau. Nilikataa kununua, kisha nikanunua, maana nisingeruhusiwa kuingia ukumbini bila hicho na mimi nilitaka kuendelea kuwasumbua.

Siku ya praktiko, ule mtihani wa vitendo, ilifika na mgeni hajafika. Mkuu wa shule aliazima bureti chache shule nyingine, zikafungwa kwa kamba kwenye miguu ya madawati, darasani, maji yakaletwa kwa ndoo. Yule msichana wa Kibara alijua kila kitu. Alijua kwa kichwa, alijua kwa macho. Lakini mkono wake haukuwahi kushika kioo kile. Alilikaza bomba kwa nguvu za mtoto aliyezoea kamba za mtumbwi, bureti ikavunjika mkononi, asidi ikamwagika kwenye sketi, damu kidoleni, na msimamizi akamwambia asubiri aone kama itapatikana nyingine. Haikupatikana. Alikaa pale amejifunga kidole kwa leso mpaka wenzake walipomaliza. Kemia ikamwangusha, na chuo cha maabara hakimchukui mtu asiye na Kemia. Leo ukishuka Kibara utamkuta anaanika dagaa. Si kazi ya aibu, nimekulia dagaa mimi. Lakini si alichokuwa amekichagua, na waliomnyang'anya ni sisi, kwa kufuli.

Madam akastaafu mwaka uleule. Waliomuaga walimpa kiti cha kupumzikia, akarudi kwao Butiama. Hakuwa ameingia ndani ya maabara ile hata mara moja.

Ndipo mwaka huu, miaka kadhaa baadaye, mgeni rasmi akapatikana. Mwingine, si yule wa jiwe. Jiwe lilibidi lichongwe upya. Na chama kikaamua, kwa ukarimu wake, kwamba Madam wa Kemia aalikwe apewe tuzo ya mwalimu mlezi. Nani anamjua? Nesi anamjua. Nikatumwa.

Nilishuka Kiabakari, nikapanda bodaboda mpaka Butiama, kisha Mwitongo, kule ambako wageni hupita mara mojamoja kwenda makumbusho na wenyeji wanaendelea na mihogo yao. Nilimkuta shambani, amejifunga khanga kiunoni, anapalilia mtama. Nikaweka mikono mgongoni bila kujijua.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kucha zako ndefu kwa nesi."

Alinikaribisha, akanipa uji wa ulezi, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipotaja tuzo aliguna. Nikamwambia wazi kwamba mimi kwa upande wangu naona haya hata kumletea ujumbe huu, na kwamba akikataa nitafurahi, nitawapelekea kukataa kwake kwa maneno makali kuliko atakayoyasema.

"Unajua kinachoniudhi?" alisema. "Si nyie. Nyie mko vile mlivyo. Kinachoniudhi ni mimi kukaa na adabu. Nilisema nikivunja kufuli watasema walimu wahuni, hawatarudi tena, na shule haijapata vyoo vya wasichana. Nikawa napigaga hesabu kila siku, nivunje, nisivunje. Mtoto wa watu akaniangalia nikipiga hesabu."

Hakupaza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kwa sauti ya watu wengine, na ilinitisha.

"Alikujaga hapa, wa Kibara," akaongeza. "Aliniletea sangara mkavu. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu."

Nikamwambia basi usije, Madam. Akauliza, "Kidato cha nne cha mwaka huu praktiko yao lini?" Nikamwambia ni wiki ijayo, siku chache baada ya uzinduzi. Akachukua jembe lake, akalikung'uta majani, akasema atakuja.

Siku yenyewe mahema yalipigwa, spika zikapigwa, kwaya ikaimba, na sauti ya tatu walikosea, nikamwona Madam kwenye kiti chake cha mbele akifumba macho kwa maumivu. Sisi wa chama tuling'aa zambarau. Mgeni rasmi alihutubia kwa muda mrefu habari za sayansi na viwanda. Kidato cha nne walikuwa wamekalishwa chini, juani, nyuma ya hema, ili wapige makofi. Nilipogeuka kumtafuta Madam apokee tuzo, kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta barazani, dirishani, mahali palepale. Amesimama peke yake, gauni la kanisani, mkoba kwapani, anaangalia ndani kupitia kioo.

"Zina vumbi," aliniambia. "Bureti zote zina vumbi."

Utepe ukakatwa. Pazia likavutwa. Mlango ukafunguliwa kwa mara ya kwanza, na wakubwa wakaingia, wakageuza bomba, maji yakatoka, wakapiga makofi kwa maji. Mgeni akashikishwa chupa ya maji ya rangi, akapigwa picha akiitazama. Mwanafunzi hata mmoja hakuingia. Wakatoka, wakaelekea kwenye chakula, na mwenyekiti wetu akabaki nyuma, akavuta mlango, akatoa lile kufuli mfukoni.

"Mbona unafunga, Mwenyekiti?" Madam aliuliza.

"Aa, Madam! Huu ulikuwa uzinduzi tu. Makabidhiano rasmi kwa shule bado, hati zinaandaliwa. Ni hafla nyingine ndogo. Haitachukua muda."

Hafla nyingine! Nilifungua mdomo nimtukane, nilikuwa na matusi ya kutosha ya Kiswahili na ya nyumbani, lakini Madam alikuwa ameshapita. Alimpita mwenyekiti begani, akasukuma mlango, akaingia. Alitembea katikati ya meza zile akigusa vigae kwa ncha za vidole, mpaka mbele, penye meza ya mwalimu. Akaweka mkoba. Akavuta stuli, akakaa.

"Funga," alisema. "Funga tu, mwanangu. Mimi niko ndani."

Mwenyekiti alicheka kidogo. Akasema Madam, tafadhali, chakula kinapoa. Akasema Madam, wageni watatuonaje. Madam akajibu kwa ile sauti yake yote, ile ya asidi na metali, iliyopita madirishani, ikapita hema, ikawafikia wakubwa wakiwa na sahani mkononi:

"Kidato cha nne! Mko juani mnafanya nini? Njooni darasani!"

Watoto hawakumjua. Walikuwa hawajawahi kufundishwa naye. Lakini sauti ile haiulizi unanijua. Waliinuka, wakakung'uta sketi na suruali, wakaja kwanza polepole, kisha mbio, wakampita mwenyekiti kulia na kushoto, naye amesimama mlangoni na kufuli lake wazi mkononi, hana pa kulitundika.

Aliniona. "Nesi, wewe unamjua," aliniambia, uso wote jasho. "Mtoe. Tafadhali, dada yangu, kabla mgeni hajaja huku. Mtoe."

Nikaingia. Watoto walikuwa wameshazijaza meza, wamekaza mikono kifuani, wanaogopa kugusa. Nilifika mbele, na kabla sijafungua mdomo Madam akanitupia jicho kuanzia zambarau mpaka kucha.

"Umekuja kusimama? Toa bureti hizo uoshe. Taratibu, zinavunjikaga."

Nikakunja mikono ya kitenge cha chama, nikafungua bomba, nikaanza kuosha.